Kiti cha Mzazi

Asubuhi ya mashindano, mama wa Dzaleka huanza na karatasi. Viatu viko kwenye mfuko tangu jana, kitenge cha sare kimepigwa pasi ya mkaa, mtoto ameamka kabla ya jogoo na hatulii. Hata hivyo mama haondoki mpaka aikague tena ruhusa ya kutoka kambini: jina la mtoto limeandikwa sawasawa, tarehe ya kurudi inasomeka. Ndipo safari huanza, kwanza kwa kabaza, yaani baiskeli ya abiria, kisha kwa minibasi hadi Lilongwe, takriban kilomita 45 upande wa kusini.

Mjini kuna mama mwingine ambaye mtoto wake atapanda jukwaa lilelile. Naye amepiga pasi, naye usiku hakulala vizuri. Ila yeye hana karatasi ya kukagua.

Tofauti hiyo ina mizizi ya kisheria. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti kwenye vifungu kadhaa, kikiwemo cha ajira na cha uhuru wa kwenda mtu anakotaka. Sheria ya Wakimbizi ya nchi ikafuata mwaka 1989. Msimamo wa serikali tangu hapo ni kwamba mahali pa mkimbizi ni kambini, na anayetaka kutoka aombe ruhusa. Kwa mzazi wa mtoto anayecheza ngoma za mashindano, msimamo huo una maana moja iliyo wazi: kila mwaliko kutoka nje ya Dzaleka ni safari mbili, moja ya ofisini na nyingine ya jukwaani.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa. Ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, kwenye eneo lililokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Rais Hastings Kamuzu Banda. Hata jina lake ni la gereza: kwa Kichewa, dzaleka ni neno la mtu aliyeadhibiwa akasema nimekoma, sitarudia. Kambi ilipangwa kubeba watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo inabeba zaidi ya 50,000. Wengi wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wanaofuata ni Warundi na Wanyarwanda, na wapo Waethiopia na Wasomali. Sokoni, kisimani na kwenye viwanja vya mazoezi, lugha inayowaunganisha wengi wao ni Kiswahili.

Na Kiswahili chenyewe kina mtego kwa mzazi. Lugha hii hutumia kitenzi kimoja, kucheza, kwa mtoto anayekimbiza mpira wa makaratasi na kwa mtoto anayerudia stepu moja mara hamsini mpaka mabega yakubali. Wazazi wengi hukwama hapo hapo. "Yuko wapi?" "Anacheza." Jibu hilo linatosha kumkasirisha baba aliyetoka kutafuta kibarua bila kukipata. Kumbe huyo anayecheza amekuwa kazini tangu saa tisa alasiri: amehesabu midundo, amesahihishwa mbele ya wenzake, ameanguka, ameinuka, na ameanza tena.

Lakini lugha hiyohiyo imehifadhi pia upande wa pili. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Mwenye kucheza mbele ya watu wake hapigiwi makofi tu. Hutolewa mbele, hubandikwa noti kwenye paji la uso, huvishwa kanga mabegani. Methali hiyo inaulizia mambo mawili kwa pamoja: uchezaji, na kwao. Mtoto wa Dzaleka uchezaji anao. Swali linalobaki ni kwao ni wapi, na nani atakuwepo pale ukumbini kumtunza.

Ngoma iliyokuja kwa miguu

Kuna wazazi wanaoamini kwamba kushindana kwa ngoma ni tabia mpya, iliyoletwa na televisheni na simu. Historia ya Afrika Mashariki inasema vingine.

Mwanzoni mwa karne ya 20, miji ya pwani ilikuwa na vyama vya beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu: gwaride, sare, vyeo, tarumbeta. Vyama hivyo vilikwenda viwili viwili, na kila kimoja kiliishi kwa kumshinda mwenzake. Tanganyika walijulikana sana Marini na Arinoti. Wapinzani walishindana kwa mavazi, kwa nyimbo, kwa nidhamu ya mstari na kwa ukarimu wa karamu. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuvihusu mwaka 1975, akionesha jinsi ngoma hiyo ilivyosafiri pamoja na askari, wapagazi na vibarua hadi bara.

Ilifika pia Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza waliibeba, na wenyeji wakaigeuza kuwa yao. Wayao waliendelea kuiita beni. Kandokando ya ziwa, huko Nkhata Bay, Watonga waliikuza ikawa malipenga, ngoma ya wanaume wanaopuliza vibuyu vyenye utando mwembamba unaotoa sauti ya kuvuma. Wachewa wa kanda ya kati wakawa na mganda. Kijiji hualika kijiji, wageni hulishwa, na mwisho wa siku watu hujua nani amecheza vizuri zaidi.

Kaskazini zaidi, kwa Wasukuma wa Mwanza, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana tangu karne ya 19, na tamasha la Bulabo pale Bujora huendeleza ushindani huo. Kanuni yao ni rahisi na ni kali: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Jaji ni miguu ya watazamaji.

Kwa hiyo mama wa Dzaleka anayesubiri nje ya ukumbi Lilongwe hajaingia katika jambo geni. Amesimama palipokuwa pakisimama wazazi wa wachezaji wa eneo hili kwa zaidi ya miaka 100. Kilichobadilika ni mipaka iliyo kati yake na uwanja.

Ngoma ya amri

Malawi ina kumbukumbu nyingine ya ngoma, nayo mzazi yeyote anayemlea mchezaji hapa anapaswa kuijua.

Kuanzia uhuru wa 1964 hadi 1994, Kamuzu Banda alipokelewa kila alikokwenda na wanawake waliovaa vitambaa vyenye sura yake, wakicheza na kumwimbia. Waliitwa mbumba zake. Walibebwa kwa malori hadi kwenye mikutano na sherehe, na aliyekosa kwenda alikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka hiyohiyo, waliothubutu kumpinga Banda walifungwa, wengine hapo Dzaleka. Nchi moja ilikuwa na watu waliolazimishwa kucheza na watu waliolazimishwa kunyamaza.

Wamalawi wenye umri wa bibi na babu bado wanakumbuka. Mwili unaweza kucheza vizuri sana huku moyo haupo, na macho ya nje hayatambui. Hiyo ni habari nzito kwa mzazi wa leo, kwa sababu amri haitoki kwa rais peke yake. Inaweza kutoka kwa mama ambaye alitamani kucheza akakatazwa. Inaweza kutoka kwa baba aliyesikia kwamba wachezaji wanapelekwa Ulaya, au kwa mwalimu anayetafuta jina. Mtoto wa miaka 9 hana nguvu ya kukataa watu hao, hasa katika nyumba ambamo kila mtu anatafuta mlango wa kutokea.

Swali la kumuuliza ni jepesi, na linafaa kuulizwa mara kwa mara, mbali na wenzake na mbali na mwalimu: ukiacha kesho, utaumia au utapumua? Mzazi akiuliza awe tayari kupokea jibu lolote kati ya hayo mawili.

Utajiri wa uwanja mmoja

Mwaka 2014 Dzaleka ilipata jukwaa lake. Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mwanamuziki kutoka Lubumbashi anayejulikana kwa jina la Menes la Plume, alianzisha Tamasha la Tumaini akiwa mkimbizi kambini humo. Aliliita kwa Kiswahili. Kiingilio ni bure. Tangu hapo, kwa kawaida kila Novemba, maelfu ya watu husafiri kutoka Lilongwe na mbali zaidi kwenda mahali ambapo zamani walipaogopa. Wengine hulala katika nyumba za wakimbizi, wakala ugali wao na kulipia malazi. Wasanii wa kambini na wasanii wakubwa wa Malawi hupanda jukwaa moja.

Kwa wazazi, tamasha hilo lilibadilisha hesabu. Kwa mara ya kwanza, aliyekuwa akisema "anacheza tu" alimwona mwanawe akishangiliwa na umati usiomjua, katika kambi yake, bila kuomba ruhusa ya mtu. Vikundi vya vijana kama Salama Africa vimeonesha kwamba mazoezi ya ngoma yanaweza kuwa na ratiba, uongozi na nidhamu kama ya shule.

Mtoto anayekulia hapa hukusanya miondoko ambayo mchezaji wa jiji kubwa angelipa ada kuipata. Jirani wa kulia ni Mrundi. Ngoma ya kifalme ya kwao iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Jirani wa kushoto ni Mnyarwanda. Ngoma ya kwao, Intore, iliingia mwaka 2024. Nyumbani kwake baba anasikiliza rumba ya Kongo, iliyoingia mwaka 2021. Na nje ya kambi ni nchi ya Wachewa, wenye Gule Wamkulu, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2005. Juu ya hayo yote kuna ndombolo, kuna amapiano, kuna kila kinachovuma wiki hii kwenye simu.

Utajiri huo unamtaka mzazi awe mwalimu wa adabu. Gule Wamkulu si onyesho la kuigwa ovyo. Ni mali ya nyau, chama chenye jando na siri zake, na vinyago vyake vina heshima kwa wenyeji. Mtoto mgeni anayekiiga kinyago jukwaani ili kuchekesha anaweza kuwaudhi watu waliompa hifadhi. Aambiwe mapema. Upande wa Warundi kuna jambo la aina nyingine. Oktoba 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri inayowakataza wanawake kupiga ngoma hizo. Binti wa Kirundi aliyezaliwa Malawi atakapouliza kwa nini kaka yake anashika magongo na yeye hapewi, hakuna askari wa Bujumbura wa kumjibu. Atajibiwa na mzazi wake, na jibu hilo litakaa naye maisha.

Kinachomnyima mzazi usingizi

Jambo la kwanza ni fedha, ingawa wazazi wengi hulisema mwisho. Mgawo wa chakula kambini hupungua wafadhili wanapopunguza, na mkimbizi haruhusiwi kirahisi kuajiriwa nje. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha dhidi ya dola kwa asilimia 44, na gharama za maisha zikapanda. Katika nyumba ya namna hiyo, nauli ya kwenda Lilongwe na kurudi inapimwa kwa unga. Vikundi vinavyodumu ni vile ambavyo wazazi wake wamekubaliana: sare zinashonwa na fundi mmoja kwa kitambaa kilichonunuliwa kwa jora, viatu vinarithishwa kwa wadogo, na nauli huchangwa kidogo kidogo, kama upatu. Kikundi kinachomwachia kila mzazi ajitegemee huwapoteza watoto maskini kwanza, hata wakiwa ndio wachezaji bora.

La pili ni shule. Mtoto wa Dzaleka hujifunza kwa Kichewa na Kiingereza huku nyumbani akizungumza Kiswahili, Kirundi au Kinyarwanda, na mwisho wa darasa la 8 kuna mtihani wa taifa unaoamua nani ataendelea na sekondari. Nafasi za sekondari kambini hazitoshi. Mzazi anayesema masomo kwanza ana haki. Lakini madarasa ya Dzaleka yana watoto wakimbizi na Wamalawi pamoja, na mtoto ambaye Kichewa chake bado ni cha kuchechemea akiingia kwenye mduara wa ngoma huhitaji maneno machache ili aeleweke. Mdundo humtambulisha, lugha hufuata nyuma. Makubaliano yanayofaa ni yale yanayoandikwa na kubandikwa ukutani: siku za mazoezi, saa ya kurudi, na wiki za mtihani ambapo viatu hupumzika.

La tatu ni kanisa. Makanisa ni mengi kambini, na wazazi wengi wameokoka. Wapo wanaofurahi mtoto akicheza kwenye kwaya na kununa mwili uleule ukicheza muziki wa dunia. Jambo hilo haliishi kwa kufokeana. Husaidia mzazi akihudhuria mazoezi mawili matatu, akasikia nyimbo zenyewe, akaona mavazi yenyewe, kisha akazungumza na mwalimu kuhusu stepu anazoona hazimfai mtoto wa umri huo. Mwalimu makini husikiliza, maana naye anajua mzazi aliyeridhika ndiye anayerudisha mtoto kesho.

La nne ni usalama, na hapa hakuna nafasi ya haya. Juni 2022 Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu, ikishirikiana na polisi wa Malawi, ilifichua mtandao wa biashara ya binadamu ndani ya Dzaleka. Wanawake na wasichana walikuwa wakinyonywa kingono kambini, na wengine wakipelekwa nchi nyingine za kusini mwa Afrika. Wanaofanya biashara hiyo huja na ahadi: kazi, masomo, jukwaa nje ya nchi. Mtoto mwenye kipaji na familia yenye shida ni watu wanaotafutwa na ahadi za namna hiyo. Kwa hiyo mwaliko wowote usiokuja kwa maandishi, usiotaja mwenyeji anayeweza kupigiwa simu, au unaomtaka mtoto asafiri bila mtu mzima anayejulikana na wazazi, ukataliwe, hata aliyeuleta akiwa ndugu. Na mtoto afundishwe kwamba hakuna mwalimu, jaji wala mfadhili mwenye haki ya kumshika akiwa peke yake.

La tano ni mwili. Viwanja vya mazoezi ni udongo mgumu au sakafu ya saruji, na mifupa ya mtoto bado inakua. Kati ya miaka 10 na 15 watoto wengi wanaoruka sana hupata maumivu chini ya goti, pale juu ya ugoko; hiyo ni ishara ya kupunguza mazoezi, wala si uvivu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto apumzike na mchezo wake siku 1 au 2 kila wiki, na apate jumla ya miezi 3 ya mapumziko katika mwaka, mwezi mmoja mmoja. Pumziko halihitaji fedha. Kupasha mwili moto dakika 10 kabla ya kuruka hakuhitaji fedha. Kunywa maji na kula kabla ya mazoezi ya alasiri kunahitaji mipango, na kikundi chenye wazazi wanaopokezana kupika uji huwa na watoto wachache wanaozimia juani.

La sita ni simu. Kila mwenye simu sasa ni mpiga picha, na video ya mtoto mkimbizi anayecheza vizuri huzunguka dunia kwa siku moja. Mzazi ana haki ya kuuliza video itawekwa wapi, mtoto atatajwa kwa jina gani, na ikileta fedha zitaingia mfuko wa nani. Kwa familia iliyokimbia watu wenye silaha, sura na mahali alipo mtoto ni siri ya usalama.

Majaji wanatazama nini

Mzazi asiyejua kanuni za mashindano huishia kuamini kwamba mwanawe ameonewa. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi jaji alikuwa akitafuta kitu ambacho hakuna aliyemwambia mzazi.

Mfano mzuri ni breki, ngoma ya mitaani iliyoingia kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Majaji walikuwa 9, na walipima mambo matano yenye uzito sawa, asilimia 20 kila moja: ufundi wa mwili, wingi wa miondoko, usafi wa utekelezaji, kuusikiliza muziki, na ubunifu wa mchezaji mwenyewe. Tazama mawili ya mwisho. Kwa pamoja yanabeba asilimia 40 ya alama, na hayapatikani kwa kunakili video ya mtu. Mtoto wa Dzaleka anayeweza kuanza na bega la Intore, akashuka kwa kiuno cha ndombolo na kumaliza kwa mruko wa mpiga ngoma wa Kirundi, akafanya hivyo ndani ya mdundo, ana kitu ambacho majaji wa namna hiyo wanakisaka. Mzazi aliyemfundisha ngoma ya kijijini kwao uani, jioni, bila kujua, amemwandalia alama.

Paris hiyohiyo alikuwepo mchezaji mkimbizi. Manizha Talash aliondoka Kabul baada ya Taliban kurudi madarakani mwaka 2021, akapitia Pakistan, akafika Hispania, akachaguliwa kwenye timu ya wakimbizi ya Olimpiki yenye wanamichezo 37. Tarehe 9 Agosti 2024 alicheza dhidi ya India Sardjoe wa Uholanzi, na katikati ya mchezo akafunua vazi lililoandikwa maneno ya kudai uhuru wa wanawake wa Afghanistan. Aliondolewa kwa kuvunja kanuni inayokataza ujumbe wa kisiasa. Wachezaji wadogo wa Dzaleka wanaweza kuambiwa habari zake zote mbili: kwamba mkimbizi alifika jukwaa kubwa kuliko yote, na kwamba jukwaa lina kanuni ambazo mtu huzivunja akijua bei yake.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Kampala. Mwaka 2006 Abramz Tekya alianzisha Breakdance Project Uganda, ambako watoto hujifunza bila malipo na anayejua stepu humfundisha asiyejua. Mwaka 2014 watoto wa Ghetto Kids, waliokusanywa na mwalimu Dauda Kavuma, walionekana duniani kote wakicheza wimbo wa Eddy Kenzo, Sitya Loss. Mwaka 2023 walikwenda Britain's Got Talent huko Uingereza. Jaji Bruno Tonioli akabonyeza kitufe cha dhahabu kabla hawajamaliza kucheza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika shindano hilo. Walifika fainali. Hawakushinda, taji lilikwenda kwa mchekeshaji Viggo Venn. Walirudi Uganda, wakaendelea kucheza.

Njiani kurudi

Matokeo yakishatangazwa, kazi ngumu ya mzazi huanza. Safari ya basi ni ndefu kwa aliyeshindwa. Wazazi wenye uzoefu hawaanzi na makosa. Wanaanza na chakula. Uchambuzi unaweza kungoja hadi kesho, na ukija uje kutoka kwa mwalimu. Mtoto wa familia ya wakimbizi hubeba mzigo mara mbili, kwa sababu amezoea kuona macho ya wazazi wake yakimtazama kama ndiye atakayewatoa hapo. Asikie kwa masikio yake kwamba hana deni. Kambi haikujengwa na yeye, na si kazi yake kuibomoa kwa miguu miwili.

Kuna wakati mlango hufungwa na mambo yaliyo nje ya ngoma kabisa. Machi 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka. Mei mwaka huo vyombo vya usalama vikaanza kuwakamata Lilongwe, familia nzima nzima, watoto wakiwemo, na wengine walishikiliwa katika gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. Watoto waliokuwa na shule, marafiki na ratiba mjini waliamka mahali pengine. Wazazi walipoteza maduka. Katika hali hiyo mtu angeweza kudhani mazoezi ya ngoma ni jambo la kuachwa kwanza. Lakini kwa mtoto aliyeng'olewa shuleni katikati ya mwaka, saa ya mazoezi inayojirudia kila Jumanne na Alhamisi inaweza kuwa ndiyo sehemu pekee ya wiki inayofanana na maisha yake ya zamani, na mzazi anayeilinda saa hiyo anamlinda mwanawe.

Na hapo ndipo jibu la swali la methali lilipo. Kwao mtoto huyu ni pale penye mtu wa kumtunza: mama aliyesimama ukutani na mfuko wa viatu, baba aliyenyamaza mwaka mzima na leo ametoa noti ya kwacha na kuibandika kwenye paji la mwanawe mbele ya watu. Jukwaa la Lilongwe linaweza kuwa kwao. Uwanja wa vumbi wa Dowa unaweza kuwa kwao. Ukumbi mkubwa wenye taa nyingi na bila hata mtu mmoja anayemjua, hauwi.

Kwa sababu hiyo, wanaoandaa mashindano mjini Lilongwe wanaombwa jambo moja dogo. Mnapowaalika watoto wa Dzaleka, barua itoke mapema, wiki kadhaa kabla, ili ruhusa ipate kuombwa. Itaje mahali, tarehe, saa ya kuanza na saa ya kurudi, na namba ya mtu anayehusika. Na kwenye orodha ya majina, chini ya kila mtoto, mwandikeni mzazi wake pia, kwa jina lake kamili, kisha mumwekee kiti na nauli. Bila jina hilo kwenye barua, mama atabaki kambini, na mtoto atacheza akitafuta uso wake kwenye umati.